Nilifunga Kompyuta Kabla ya Hatua ya 130

Miaka niliyofanya kazi Dubai niliwadanganya wenzangu kwamba naijua ngwe ya mwisho ya sataranji. Kwenye ufunguzi kila mtu alijua mimi ni wa kawaida, na katikati ya mchezo nilipigwa kama walivyopigwa wengine. Lakini kete zikishapungua ubaoni, mfalme anapotoka mafichoni na askari mmoja anaweza kuamua kila kitu, hapo ndipo nilipojipa cheo. Waliniita Mwalimu, nami nikaitika.

Tathmini nilizozitoa hazikuwa zangu. Zilikuwa za injini ya sataranji iliyokuwa kwenye simu yangu. Watu wakimaliza kucheza, kabla hatujaanza kuujadili mchezo, mimi huaga kwamba naenda msalani. Huko napanga kete kwenye programu, nasoma namba, kisha narudi nimekunja uso kama mtu aliyekuwa akifikiri. “Hapa ilikuwa suluhu,” nasema. Au nasema, “Mweupe alishashinda tangu ulipomtoa farasi.” Wakienda kuhakikisha wanakuta nimesema kweli, na heshima yangu inapanda.

Tulikuwa kundi dogo la Waswahili: wa Mombasa, Tanga, Unguja, na mmoja wa Bujumbura. Tulikutana Ijumaa, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, chumbani kwa mzee mmoja wa Tanga, fundi viyoyozi, huko Deira. Mdogo wetu kuliko wote alikuwa kijana wa Likoni, mlinzi wa jengo, aliyejifunzia sataranji huko huko ughaibuni kwa kutazama tu. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: alipenda kuuliza kwa nini.

Siku moja niliwaonyesha mchezo wa José Raúl Capablanca dhidi ya Savielly Tartakower, New York, mwaka 1924. Ni mchezo ambao mashabiki wa ngwe ya mwisho huujua kama mashairi. Kila upande umebaki na ngome na askari kadhaa. Ngome ya Tartakower imeshaingia kwa Capablanca na iko tayari kula. Mchezaji wa kawaida angerudi kulinda. Capablanca akamwinua mfalme wake akaanza kupanda naye. Tartakower akala askari kwa cheki. Mfalme akasogea pembeni, akaendelea. Akala wa pili, tena kwa cheki. Mfalme akazidi kupanda, akaingia g5, kisha f6. Ngome nyeupe ilikuwa imeshakaa mstari wa saba, askari wa g ameshafika g6, na mfalme mweusi amebanwa pembeni. Capablanca akaanza kula askari weusi mmoja baada ya mwingine, na mchezo ukaisha.

Kijana akauliza, “Kaka, pale mfalme alipokuwa g5, mbona hakumla yule askari mweusi wa f5? Si alikuwa wa bure?”

Nikamjibu kwamba kompyuta inasema kwenda f6 ndiyo bora. Akanyamaza. Mzee ndiye aliyemweleza, kwa kunyoosha kidole juu ya ubao: “Mwache huyo, mwanangu. Huyo ndiye anayemkinga. Mfalme akikaa f6 na huyu askari yuko chini yake f5, ngome ya mwenzake haiwezi kumpiga cheki kutoka huku chini. Ukimla huyo, umejivulia nguo mwenyewe.” Nilitikisa kichwa kwa utulivu, kana kwamba ndilo nililotaka kusema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeutazama mchezo ule mara nyingi na jambo lile sikuwahi kuliona. Niliijua hatua, niliijua namba yake, sababu yake sikuijua. Nilikuwa kama mtu anayejua bei ya samaki wote wa mnadani na hajawahi kushika nyavu.

Hilo peke yake lingekuwa majivuno ya kawaida. Nililolifanya Desemba 2021 lilikuwa baya zaidi.

Mwaka huo mechi ya ubingwa wa dunia ilikuja mlangoni petu. Magnus Carlsen wa Norwei, bingwa tangu 2013, alitetea taji lake dhidi ya Mrusi Ian Nepomniachtchi, ambaye mashabiki humwita Nepo, kwenye viwanja vya Expo 2020 hapo hapo Dubai. Michezo 14 ilipangwa. Mitano ya mwanzo yote ikaisha kwa suluhu. Ukijumlisha na ile 12 ya London mwaka 2018, ambako Magnus na Fabiano Caruana hawakufungana hata mara moja, na miwili ya mwisho kabla ya ile ya kasi dhidi ya Sergey Karjakin huko New York mwaka 2016, zilikuwa suluhu 19 mfululizo katika michezo ya muda mrefu ya ubingwa. Watu walianza kusema kwamba kompyuta zimeua sataranji, kwamba wakubwa wanajua mno kiasi kwamba hakuna atakayemfunga mwenziwe tena. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kulisema hilo.

Mchezo wa sita ulikuwa Ijumaa tarehe 3 Desemba, siku moja baada ya Falme za Kiarabu kusherehekea miaka 50. Ulianza saa kumi na nusu alasiri. Tulikusanyika kwa mzee, kompyuta yangu juu ya meza, ubao wa mbao pembeni kwa ajili ya kujaribia mawazo. Kwenye kompyuta niliweka mchezo upande mmoja na injini upande wa pili, na skrini nikaielekeza kwangu. Hatua ya 26 Magnus alimtoa malkia wake akachukua ngome mbili. Kuelekea hatua ya 40 saa zikawabana wote wawili. Kila mmoja alipata nafasi ya kushinda na kila mmoja akaipita. Baada ya hapo ikawa safari ndefu. Swala ya magharibi ikapita, ya isha ikapita, wali ukapikwa, ukaliwa, na Magnus bado anasogeza ngome mraba mmoja kushoto, mraba mmoja kulia.

Hatua ya 80 akatoa ngome moja akapata askofu na askari. Sasa Nepo alikuwa na malkia, na Magnus alikuwa na ngome, farasi na askari wake waliokaa pamoja. Namba ya injini ilikuwa ikichezea karibu na sifuri. Nikatangaza kwamba ni suluhu, na kwamba Magnus anang'ang'ania tu kwa ukaidi.

Kijana wa Likoni hakukubali. Alikuwa amekaa sakafuni, ubao mapajani. Akasema, “Lakini kaka, mtazame Magnus. Ngome inamlinda farasi, farasi anawalinda askari, mfalme yuko nyuma yao. Hana haraka na hana la kupoteza. Nepo ndiye anayetafuta jibu kila hatua, na saa haina kitu. Mimi naona malkia atafika mahali ataishiwa.”

Nataka msomaji aone jinsi alivyokuwa sahihi. Kwa sheria za mechi ile kila mchezaji alikuwa na dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, 60 kwa hatua 20 zilizofuata, kisha dakika 15 za kumalizia. Na kuanzia hatua ya 61 kila hatua iliongeza sekunde 30. Maana yake, watu hawa walikuwa wameshakaa zaidi ya saa 6 na wanaishi kwa nusu dakika nusu dakika. Mweupe akikosea, anarudi nyuma na kuanza upya, kwa kuwa kete zake zinalindana na malkia peke yake hawezi kuzivunja. Mweusi akikosea, mchezo umekwisha. Mizani ya injini haioni uchovu huo. Kijana aliuona, bila injini.

Basi kete zikazidi kupungua mpaka zikabaki 7: mfalme, ngome, farasi na askari wawili kwa Magnus, mfalme na malkia kwa Nepo. Hapo nilisimama kabisa. Kwa sababu kete zikibaki 7 huhitaji tena injini ya kukisia. Yapo majedwali ambayo kompyuta iliyajenga kwa kuhesabu kinyumenyume kuanzia kila mfalme aliyekwisha kufungwa, mpaka hukumu ya kila mkao wa kete 7 ikajulikana. Yale ya Lomonosov yalikamilika Moscow mwaka 2012, na ya Syzygy mwaka 2018. Nikaingiza mkao ule. Jibu: suluhu.

“Imekwisha,” nikasema. “Si maoni yangu tena, ni hesabu. Kutoka hapa hata Mungu akicheza nyeupe hashindi.” Mzee akanikemea kwa neno hilo, nami nikaomba radhi kwa hilo tu.

Kijana akasema, “Kaka, tuache kidogo tuone.”

Nikamwambia: “Wewe unabisha na mashine? Ungekuwa unajua hivyo ungekuwa unalinda geti?”

Hilo ndilo neno langu, nimeliandika kama nilivyolitamka, silipunguzi. Chumba kikanyamaza. Kompyuta ilikuwa yangu na intaneti ilikuwa ya simu yangu. Nikaifunga, nikaiweka kwenye mfuko, nikawaambia watu wakalale kwa kuwa kesho kuna kazi. Kijana hakuwa na kifurushi kwenye simu. Akapanga kete kwenye sanduku moja baada ya nyingine, akaaga.

Katika hatua ya 130 Nepo alimleta malkia wake e6, mbele kabisa ya askari wa Magnus. Mpaka dakika hiyo majedwali yalikuwa bado yanasema suluhu. Baada ya hapo, mweupe anashinda. Malkia alitakiwa abaki mbali, nyuma ya askari wale, aendelee kumsumbua mfalme kutoka huko. Hatua ya 136, saa sita za usiku zikiwa zimeshapita, Nepo akanyoosha mkono kukubali kushindwa. Saa 7 na dakika 45. Ni mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya ubingwa wa dunia. Uliokuwa ukishikilia rekodi ulikuwa wa hatua 124, Viktor Korchnoi na Anatoly Karpov, Baguio, Ufilipino, mwaka 1978, na huo uliisha kwa suluhu. Katika sehemu ya mwisho Magnus alifanya kile hasa alichokieleza mlinzi wa Likoni akiwa sakafuni, na mlinzi wa Likoni hakukiona, kwa sababu mimi niliifunga kompyuta.

Ijumaa iliyofuata ningeweza kusema tu, “Nilikosea.” Nilikuja na silaha nyingine. Nikasema Nepo ni mjinga, kosa la kitoto, mkao ulikuwa suluhu na umebaki suluhu, kwa hiyo mimi sikukosea, aliyekosea ni yeye.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Vizuri. Wewe unaijua. Shika malkia.” Akaupanga mkao ule ule. Simu zetu zote akazikusanya akaziweka juu ya friji, yangu ya kwanza. Akatoa saa ya mchezo, akaweka sekunde 30 kwa kila hatua. Upande wa Magnus akamkalisha kijana.

Hatua za mwanzo nilipiga cheki nyingi, na kupiga cheki kunamfanya mtu ajione anajua. Kisha mfalme wake akaingia nyuma ya farasi na cheki zikaisha. Nikatazama ubao. Malkia ana njia nyingi mno za kwenda. Ukiwa na simu, mbili au tatu zinawaka kijani na nyingine zote zinawaka nyekundu. Bila simu zote zina rangi moja. Saa ikaanza kulia. Nikamsogeza mahali palipoonekana pana nafasi, na farasi akaruka akawakamata mfalme wangu na malkia wangu kwa mruko mmoja. Nikaomba turudie. Mara hiyo sikumwachia farasi, lakini nilikuwa nimeshughulika naye kiasi kwamba askari wale wawili wakasonga bega kwa bega mpaka wakanifikia. Nikaomba turudie tena. Kijana hakucheka wala hakusema neno. Alicheza polepole, kila mara akihakikisha kete zake zinagusana kabla hajasogeza askari.

Nilipochoka kushindwa nilisema nina usingizi. Hata hapo, mbele ya ubao uliokwisha kunishitaki, sikufungua mdomo kusema kwamba yale yote niliyowafundisha yalitoka kwenye simu.

Baadaye nilikutana na kisa cha Walter Browne, grandimasta na bingwa wa Marekani, ambacho ningekisoma mapema kingenipunguzia aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ken Thompson alikuwa ametengeneza jedwali la malkia dhidi ya ngome, mkao ambao vitabu vyote vinasema malkia anashinda. Browne akabishana kwamba ataishinda kompyuta bila taabu. Mashine haikujilinda kama binadamu; badala ya kuishikilia ngome karibu na mfalme, iliipeleka mbali, mahali ambapo hakuna kitabu kilichopazoea. Hatua 50 zinazoruhusiwa na sheria zikaisha bila ushindi. Browne alikwenda akaisoma mikao ile, akarudi, na mara ya pili akaimaliza kazi kwenye hatua ya 50 yenyewe. Hukumu ya mkao ule alikuwa akiijua tangu mwanzo. Kilichobaki ni kuweza kuitekeleza, na hicho alikwenda kukitafuta kwa kichwa chake.

Ndiyo tofauti ambayo sikutaka kuiona. Jedwali linajibu swali moja: ikiwa pande zote mbili hazitakosea hata mara moja, nini kitatokea? Ni jibu la kweli. Lakini mchezaji aliyekaa mbele ya mwenzake anajibu maswali mengine. Nani anateseka hapa? Nani ana hatua za bure za kusubiri, na nani kila hatua yake ni mtihani? Umahiri wa Magnus katika ngwe ya mwisho umekaa kwenye maswali hayo. Anaijua suluhu kama injini inavyoijua, kisha anauliza itamgharimu mwenzake kiasi gani kuifikia. Nepo aliilipa gharama ile kwa karibu saa 8 na mwisho zikamwishia fedha. Baada ya usiku ule hakuwa yule tena: akapoteza mchezo wa 8, wa 9 na wa 11, na mechi ikaisha Magnus 7½, Nepo 3½. Mtu aliyezuia ushindi hatua zote zile na akateleza moja, mimi nilimwita mjinga. Mimi sikuweza kuvuka hatua chache.

Nilirudi nyumbani bila kumwambia mtu. Mwaka huu nilimpigia simu kijana, ambaye bado yuko huko, nikamweleza yote: msala, programu, skrini niliyoielekeza kwangu, na lile neno la geti. Nilidhani suala la simu litamshangaza. Akasema, “Hilo la simu tulilijua zamani, kaka. Hakuna mtu anayekwenda msalani kila mchezo ukiisha.” La geti alisema lilimuuma na bado linamuuma, na hakuniambia kwamba amesamehe. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. “Kilichoniharibia ni kwamba ulikuwa unasema kweli. Ukisema hii suluhu, naangalia, nakuta suluhu kweli. Basi nikazoea. Nikifika kwenye mkao kama ule natoa mkono, nakubali suluhu, naona aibu kuendelea. Nimeacha mingi ambayo ningeweza kuicheza.”

Uongo ungeweza kusahihishwa na mtu yeyote mwenye simu. Kweli niliyoitumia kumnyamazisha mtu haikusahihishwa na yeyote, kwa kuwa kila aliyeikagua aliikuta iko sawa.

Kwa hiyo naandika haya kwa wale tuliokaa pamoja Deira, popote mlipo. Tathmini zote nilizowahi kuzitoa pale, mzihesabu kuwa za simu. Lile la Nepo nalifuta. Kijana wa Likoni alikuwa na haki ya kuuona mchezo wa sita mpaka mwisho, na nilimnyima. Na kila mkao niliowahi kuusemea kwamba ni suluhu, mkaukubali na kusimama kwa sababu Mwalimu amesema, upangeni upya, wekeni sekunde 30, uchezeni. Huenda ikawa suluhu. Lakini iwe suluhu mliyoipata nyinyi kwa mikono yenu, si niliyowapa mimi.